Dar es Salaam kwa Miguu: Safari ya Kutafuta Vitabu

Mwenye haraka hawezi kuyaona maduka ya vitabu ya Dar es Salaam. Akiwa ndani ya daladala au basi la mwendokasi ataona benki, maduka ya simu, famasia, vibanda vya wakala wa pesa na mabango ya kubashiri mechi. Vitabu havijitangazi hivyo. Vingine viko chini, usawa wa kifundo cha mguu, vimetandazwa juu ya turubai kando ya ukuta wa ofisi. Vingine viko kwenye uzio wa kanisa, vingine jirani na msikiti, vingine nyuma ya marundo ya madaftari katika duka ambalo kibao chake hakitaji kitabu hata kimoja. Kuvifikia ni lazima utembee, tena taratibu, na penye turubai uchuchumae.

Kuna usemi ambao umeshazoeleka hapa kwetu, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo liandike kitabuni. Wanausema walimu, wanausema wanasiasa, wanausema hata watu wanaoishi kwa kuandika. Mimi siukubali. Nimeizunguka mitaa ya katikati ya jiji hili mara nyingi nikitafuta vitabu, na kila nikipita ninawakuta watu wamesimama, wameinama au wameketi, macho yao yako kwenye karatasi. Nimeamua kuieleza njia yangu ili msomaji aipite mwenyewe na kuona.

Njia hiyo inaanzia kwenye Sanamu ya Askari. Ni shaba iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye msingi wake kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Magari yanaizunguka kutwa nzima. Asubuhi, kabla jua halijakaza, hewa ya bandarini bado inafika hapa, na wauza kahawa wanapita wakigonganisha vikombe. Pembeni kuna meza ya magazeti. Watu wameizunguka, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele: siasa, mpira, kesi iliyoahirishwa. Wachache wananunua. Wengine wakimaliza ukurasa wa mbele wa gazeti moja wanahamia jingine, na mwenye meza hawafukuzi, maana anajua kwamba asiye na hela leo atakuwa nayo mwisho wa mwezi.

Kutoka hapo unashika Barabara ya Samora. Wakati wa Mwingereza iliitwa Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa ina jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Jina hilo lina haki ya kuwa hapa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa katika jiji hili mwaka 1962, na ni humu humu Dar es Salaam ambamo kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Waliomwua walijua kwamba mtu yule, akipelekewa kitabu, atakifungua. Katika Dar es Salaam ya miaka ile vitabu vilikuwa sehemu ya mapambano, na duka linalokumbusha zaidi habari hiyo liko kwenye barabara hii hii.

Ni duka la TPH. Vioo vyake vinatazama barabara, na ukiingia kelele za honi zinabaki nje. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa shirika la umma la uchapishaji, kwa ubia na Macmillan ya Uingereza. Kuanzia 1972 hadi 1990 iliongozwa na Walter Bgoya, na ukisimama mbele ya rafu zake ukayataja yaliyotoka humo, unaelewa kwa nini watu walikuwa wakitazama Dar es Salaam kutoka mbali. Mwaka 1972, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, TPH ilitoa How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 ikatoa kwa Kiingereza mashairi ya Agostinho Neto, mwaka mmoja kabla hajawa rais wa Angola. Mwaka 1976 kikafuata Class Struggles in Tanzania cha Issa Shivji. Na wale wanaodhani shirika lilikuwa la nadharia tupu wakumbuke kwamba ndilo lililotupatia riwaya za Adam Shafi: Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na Kuli, kisa cha mgomo wa wafanyakazi wa bandari Zanzibar, mwaka 1979.

Miaka ya themanini ilipofika, uchumi wa nchi ukaanguka. Karatasi ikawa adimu, fedha za kigeni hazipatikani, na mashirika ya umma yakaanza kudhoofika moja baada ya jingine. Bgoya aliondoka, na mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota, kampuni binafsi ambayo hadi leo ni miongoni mwa wachapishaji wanaoheshimika zaidi Afrika. Duka la Samora likabaki na jina la zamani, likawa mahali ambapo vitabu vya Mkuki na Nyota na vya wachapishaji wengine wa hapa vinakaa ana kwa ana na mpita njia. Thamani yake naiona hapo. Riwaya ya Kiswahili haikusukumwa kona ya nyuma chini ya kamusi. Imewekwa mbele, jalada likitazama mlangoni.

Siku niliyopita na daftari langu mkononi, aliingia kijana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Hakutazama rafu. Akaenda moja kwa moja kwa muuzaji.

"Dada, mna Vuta N'kuvute?"

"Ipo. Umeona filamu?"

"Nimeona. Nasikia kitabu ni kirefu kuliko filamu."

Dada akacheka, akainuka kuifuata. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilitoka Mkuki na Nyota mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitengenezea filamu. Kijana alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akageuza wa pili, kisha akatoa simu na kulipa. Hakuomba kupunguziwa. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi, hana mtihani, ananunua riwaya ya Kiswahili kwa sababu anataka kujua zaidi habari za Yasmin na Denge. Watu wa namna hiyo wapo. Lililomleta dukani ni kwamba alisikia kitabu kipo.

Karibu na hapo ilikuwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Gurnah alizaliwa Zanzibar, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mambo yake mengi ni ya pwani na bara yetu, misafara na maduka ya wafanyabiashara. Ilichukua miaka 28 kurudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Nilipoishika nilifurahi, na papo hapo nikajiuliza ni vitabu vingapi vingine vinavyotuhusu ambavyo bado vinasubiri mfasiri, mchapishaji na rafu ya kuwekwa.

Ukitoka TPH ukielekea Posta, unaingia kwenye duka lisilo na mlango. Kuna mitumba ya nguo, viatu, chaja za simu, na katikati yake turubai la vitabu. Huyu muuzaji hana paa, na wapita njia wote ni wateja wake. Vitabu amevipanga kwa akili: vya kutafuta mafanikio vinakaa mbele, Rich Dad Poor Dad na ndugu zake wote, kwa sababu mpita njia wa Posta ni karani, mwanafunzi wa chuo au mtu anayetafuta kazi, na kitabu kinachomwahidi utajiri kinamsimamisha. Nyuma yake kuna vya biashara, uhasibu na sheria. Kisha riwaya za Kiingereza zilizosomwa na kusomwa, James Hadley Chase akiwa na jalada lililoshikizwa kwa gundi ya karatasi. Ukitaka Kiswahili inabidi uchuchumae na kufukua.

"Karibu, mwalimu," huniita. Kila anayeshika kitabu zaidi ya dakika moja hapa ni mwalimu.

Nilimuuliza Mtobwa. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimwumba mpelelezi Joram Kiango na kuanzisha kampuni yake ya Heko, na riwaya yake Dar es Salaam Usiku iliuzwa katika mitaa hii hii inayoisimulia.

"Mtobwa hakai," akasema. "Akitua tu anagombaniwa kama gari la Mbagala jioni. Mzee mmoja ameniachia namba, kila nikimpata nimpigie."

"Na Musiba?" nikauliza, nikimkumbuka mwandishi wa riwaya za mpelelezi Willy Gamba.

"Willy Gamba? Hao ndio kabisa. Watu wazima wanawatafuta. Walisoma sekondari, wakaazimana, vikapotea. Sasa wanataka watoto wao wavisome."

Nikamuuliza mzigo unatoka wapi, akanieleza bila kuficha. Kuna familia inayohama nyumba, kuna ofisi inayosafisha stoo, kuna mwanafunzi aliyemaliza chuo na anataka nauli ya kurudi kwao. Kitabu kinapimwa kwa jalada, kwa unene na kwa jina la mwandishi, bei inakuwa ya maelewano, na kikinunuliwa asubuhi kinaweza kuuzwa kabla ya adhuhuri. Anajua kipi kinatoka na kipi kinalala. Hakuna anayemlipia utafiti huo, lakini angeweza kumfundisha mchapishaji yeyote soko la jiji hili.

Maisha ya turubai si ya uhakika. Mwishoni mwa 2021 wamachinga wa jiji zima waliamriwa kuondoka pembezoni mwa barabara na kwenda kwenye maeneo yaliyotengwa. Muuza nguo anaweza kuhamia sokoni na wateja wakamfuata, kwa kuwa nguo ni kitu mtu anachopanga kwenda kununua. Kitabu cha mtumba hakipangiwi safari. Kinanunuliwa kwa kukutana nacho njiani, mtu anatoka kazini, anaona jina analolijua, anasimama. Kwa hiyo wauza vitabu walirudi wachache wachache, kwa adabu, wakibana ukutani. Ninaamini jiji linaweza kuwapa nafasi ndogo ya kudumu, kivuli na meza, katika mitaa hii hii wanakopita wasomaji, wala lisipate hasara.

Jambo moja la turubai linaniuma. Katikati ya vitabu halali huwekwa vya kudurufu, kurasa zimefifia, jalada limechapwa kwa wino unaobaki kidoleni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA ilianzishwa chini yake kulinda haki za waandishi na wasanii. Mnunuzi anaona ameokoa elfu kadhaa. Mwandishi aliyekaa miaka na kitabu hicho hapati hata senti. Kitabu cha mtumba kilishamlipa mwandishi mara ya kwanza kiliponunuliwa, lakini cha kudurufu hakijamlipa mtu yeyote aliyekiandika, aliyekihariri au aliyekichora. Tofauti hiyo kila anayechuchumaa mbele ya turubai anapaswa kuijua, na macho yanaweza kuiona: tazama mshono, tazama ukingo wa kurasa, tazama kama maandishi yamekaa upande.

Kutoka Posta nateremka hadi Sokoine Drive, upande wa bandari, ambako mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu unatazama maji. Jengo hilo lilianza kujengwa mwaka 1897, wakati wa Wajerumani. Duka la vitabu vya kanisa ni dogo, safi, na muuzaji anazungumza kwa sauti ya chini. Misale, Biblia, rozari na maisha ya watakatifu vinakaa mbele. Lakini mtu asiishie hapo. Wamisionari Wabenediktini walileta mitambo ya kuchapa hadi Peramiho na Ndanda, na kwa miongo mingi vijitabu vya Kiswahili kutoka huko vimefika parokia za mbali kabisa, vikieleza malezi, ndoa, afya, hata kilimo. Huu ni mtandao wa usambazaji ambao wachapishaji wengi wa kawaida hawajawahi kuwa nao. Kitabu kinasafiri na padre, na katekista, na mama wa jumuiya ndogo ndogo. Niliyemkuta akinunua alikuwa mama mwenye mkoba wa ukindu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa akihesabu vijitabu vya sala vya kupeleka kijijini, kila kimoja kina jina la mtu wake. Anayesema Watanzania hawanunui vitabu hajasimama nyuma ya mama huyu kwenye foleni.

Nikirudi ndani ya mji, kwenye mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Libya, natembea kwenye kivuli cha majengo ya zamani yenye vibaraza vya mbao na mengine mapya ya vioo. Hapa ni maduka ya vifaa vya shule, na biashara yake inakwenda kwa kalenda ya shule. Januari wazazi wanabanana kaunta, kila mmoja na orodha mkononi. Hapa ndipo riwaya na tamthilia za Kiswahili zinapouzwa kwa wingi, ila hakuna anayeziita riwaya. Zinaitwa "fasihi". Mzazi anasema, "Nipe fasihi ya kidato cha tatu," na muuzaji, bila kuuliza zaidi, anashusha seti nzima. Kwa miaka mingi seti hiyo imekuwa na Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu cha Abdallah Safari, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe cha Edwin Semzaba, na ushairi wa Wasakatonge wa Mohamed Seif Khatib.

Nimekaa kwenye kona ya duka moja nikitazama. Mtoto wa kike wa sare alifungua Takadini pale pale huku mama yake akilipia madaftari. Alisoma hadi mama akamvuta mkono. Mtihani wa mtoto yule uko mbali. Kilichomshika ni kisa cha mtoto zeruzeru na mama aliyekataa auawe. Lakini duka hili halitampa kitabu kinachofuata. Ukiuliza riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, muuzaji anakutazama kwa mshangao wa kweli: "Hiyo haipo kwenye muhtasari." Kitabu kikitolewa kwenye orodha ya shule kinaondoka kaunta msimu huo huo, kana kwamba hakijawahi kuandikwa. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kiliwahi kupatwa na hayo na zaidi. Kilitoka 1971, kikazuiwa mashuleni, baadaye kikakubaliwa humo humo mashuleni. Wasomaji hawakukiacha wakati wote huo.

Mwenye duka ana hesabu zake. Vitabu vya shule analipa taslimu kwa sababu anajua vitakwisha. Riwaya isiyo ya mtihani anaipokea kwa mali kauli: mwandishi anaacha nakala chache, duka likiuza ndipo wanagawana. Mwandishi anayejichapishia anazunguka mji na mfuko wa nakala, anaacha tano hapa, tatu kule, kisha anarudi kuuliza. Nauli peke yake inaweza kumlia faida. Na wachapishaji, waliokuwa wakitegemea vitabu vya kiada kulipia riwaya na ushairi, walipoteza nguzo hiyo miaka ya 2010, Serikali iliporudisha kazi ya vitabu vya kiada mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Hoja yake ya ubora na bei ilikuwa na uzito. Matokeo yake kwa fasihi tunayaona kwenye rafu.

Kuelekea Kariakoo nakatiza Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na hapo ipo Maktaba Kuu ya Taifa. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, na sidhani kama siku hiyo ilichaguliwa bila sababu. Sensa ya mwaka ule ule ilikuta asilimia 67 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Zikaja kampeni za kisomo, madarasa chini ya miembe, wazee kwa vijana na ubao mmoja, na mwaka 1986 takwimu rasmi zilionyesha waliobaki bila kusoma ni asilimia 9.6. Ni kazi kubwa mno, na ilifanyika. Jambo la huzuni ni kwamba watu walipomaliza kufundishwa kusoma, ndio wakati vitabu vya kusoma vilipoadimika.

Mnazi Mmoja unavukwa haraka, jua sasa liko utosini. Kariakoo inakupokea kwa mikokoteni, harufu ya vitunguu na vipaza sauti vinavyotangaza punguzo. Nashika njia ya Msikiti wa Mtoro, na karibu nao kelele zinapungua kidogo. Hapa kuna maduka ya vitabu vya Kiislamu, mlango umefungwa nusu kwa mapazia, udi unafuka. Misahafu iko juu kabisa kwa heshima, juzuu za watoto ziko chini wanakofika watoto. Katikati ni Kiswahili: fiqhi, sira, dua, mirathi, malezi. Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969, bado inaulizwa na kununuliwa, ingawa Sheikh mwenyewe alifariki mwaka 1982. Ni nadra kitabu chochote cha Kiswahili kukaa dukani zaidi ya nusu karne bila kushuka.

Muuzaji, mzee mwenye kofia ya kufuma, alikuwa akisoma nilipoingia. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka kidole kwenye ukurasa asipoteze alipofika. Nilipomuuliza kitabu cha mirathi hakunionyesha rafu. Aliniuliza kwanza nataka cha kujifunzia au cha kugawia urithi uliopo mezani, kwa sababu ni vitabu viwili tofauti. Huyu amesoma anachokiuza. Nilikaa kwenye mkeka wake hadi adhana ya adhuhuri, na muda huo wote wateja walikuwa wakiingia na swali, si na jina la kitabu, naye akiwapa kitabu kinacholijibu. Ni ufundi wa juu wa kazi hii, na ungepaswa kuwa katika kila duka linalouza riwaya.

Kituo changu cha mwisho hakifikiki kwa miguu kutoka Kariakoo, kwa hiyo napanda daladala hadi Mikocheni, kisha natembea ndani ya Regent Estate, kwenye njia tulivu zenye miti na kuta za nyumba. Hapo kuna Soma Book Café, mkahawa wa vitabu uliojengwa kwa juhudi za Demere Kitunga, mwandishi na mchapishaji ambaye amefanya kazi ya vitabu kwa miaka mingi. Kuna rafu, kuna meza, kuna chai, kuna kivuli. Watu wanakuja kusomeana kazi zao, waandishi chipukizi wanakosolewa kwa upole lakini kwa ukweli, watoto wanasimuliwa hadithi. Nilikaa karibu na kundi la vijana waliokuwa wakijadili mswada wa mwenzao. Mmoja alishikilia kwamba mhusika mkuu asingeweza kusamehe haraka vile. Mwandishi alijitetea, kisha akanyamaza, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. Mbele yangu palikuwa na kitabu ambacho bado hakijawa kitabu, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wameshafika.

Nikiyaweka pamoja niliyoyaona, kila duka linaishi kwa sababu linamjua msomaji wake. Turubai la Posta linamjua mtafuta kazi, kaunta ya Mtaa wa Libya inamjua mzazi, duka la Mtoro na lile la Mtakatifu Yosefu yanamjua muumini, na Mikocheni wanamjua anayetaka kuandika. Anayebaki bila duka la karibu ni mtu mzima wa kawaida anayetaka riwaya ya Kiswahili ya kusoma jioni. Ana Samora, ana bahati ya turubai, basi. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Katika umati huo msomaji wa namna hiyo hawezi kuwa mmoja wala elfu. Yupo Mbagala, yupo Tegeta, yupo Gongo la Mboto, na kitabu hakijamfikia. Wasomaji tunao. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha kitabu mahali anapopita.

Sehemu ya njia hiyo ni kazi ya Serikali: kununua riwaya na ushairi kwa ajili ya maktaba za shule na wilaya, na kuyapa maduka madogo unafuu. Sehemu ni kazi ya wachapishaji: kumfuata muuza turubai na kumpa vitabu halali kwa mali kauli, ili asihitaji vya kudurufu. Sehemu iliyobaki ni yetu, na haisubiri bajeti. Jumamosi moja asubuhi anzia kwenye Sanamu ya Askari, vaa viatu vya kutembelea, chukua fedha ya kitabu kimoja kisicho kwenye muhtasari wa shule yoyote. Kiulize kwa jina lake na la mwandishi. Ukiambiwa kimeisha, usiondoke kimya. Acha namba yako ya simu, kama alivyofanya yule mzee wa Mtobwa. Muuzaji huleta kinachoulizwa, na mchapishaji huchapa tena kinachoagizwa.